Kituo cha pamoja cha kuhamishia taka: tukarabati au tujenge kipya?

Swali: Wakuu, miji minne inatumia kituo kimoja, ambapo malori madogo humwaga taka ili zipakiwe kwenye trela kubwa kwenda dampo. Sakafu imechimbika, mkataba unakaribia kuisha na mji mmoja unataka kujitoa. Tuanzie wapi?

Jibu 1: Anzeni na mizani, mkuu. Pimeni kila lori likiingia na likitoka, mji kwa mji, kwa miezi 12. Mkigawana gharama kwa idadi ya watu tu, mji unaotenganisha taka zake na kuleta chache unaishia kumlipia jirani. Ila mikopo na mishahara iwe na mgao usiobadilika. Usafirishaji ndio ulipwe kwa tani. La sivyo, mmoja akijitoa waliobaki wanabeba deni lake.

Jibu 2: Sakafu msiipuuze! Ndoo ya shoveli inaikwangua kila siku, na maji ya taka yana asidi, yanakula zege hadi nondo zinachungulia. Wekeni tabaka gumu la juu, mteremko kuelekea mfereji, na paa. Taka zikinyeshewa mnalipia kusafirisha maji ya mvua.

Jibu 3: Naongezea: trela la tani 20 likiharibika, taka za malori manne ya tani 5 zinabaki sakafuni. Tengeni nafasi ya akiba ya siku nzima.