Naomba ushauri: asilimia ya tofauti kati ya mstari na mstari kwenye Power BI

Habari za kazi wakuu.

Nina jedwali la ripoti kwenye Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti za data): Awamu ya 1 hadi ya 10, na jumla ya kila awamu. Nataka safu ya pembeni ionyeshe asilimia ya kupanda au kushuka kutoka mstari wa juu yake. Yaani 400 ikifuatiwa na 500, isome 25%. Kwenye Excel ningeandika =(B3-B2)/B2 nikavuta chini, kazi imeisha. Huku Power BI hakuna cha seli ya juu.

DATEADD (fomula ya kusogeza tarehe nyuma au mbele) haifai, data yangu haina tarehe. Nikaongeza safu ya namba 1 hadi 10, fomula itafute namba pungufu ya moja ndani ya ALLSELECTED (yaani awamu zote zilizobaki baada ya kuchuja). (Ilinisaidia hata kupanga, maana Awamu ya 10 ilikuwa inakaa kabla ya ya 2!) Ikakubali, mpaka nilipoiondoa Awamu ya 4 kwenye kichujio: ya 5 ikabaki tupu, wakati nataka ilinganishwe na ya 3. Na mstari wa jumla kuu unatoa asilimia isiyo na kichwa wala miguu.

Je, OFFSET (fomula ya kuchukua mstari wa nyuma au wa mbele kwa nafasi yake) itaweza kuruka awamu zilizochujwa? Na kuufanya mstari wa jumla ubaki tupu, ISINSCOPE (inayoangalia kama uko kwenye mstari wa awamu au wa jumla) inatosha?

Natanguliza shukrani.