Altimita yangu ya kwanza ya kidijitali: nichukue ipi? (miruko 31)

Mruka_Mchanga
Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu, leo nimekuja na shida yangu.

Nina miruko 31. Leseni A, ile ya kwanza ya kuruka kwa parachuti, nimeipata juzijuzi, na ukishapata leseni vifaa vya shule vinarudi shuleni. Parachuti nitaendelea kukodi, ila altimita, yaani kipima kimo, nataka iwe yangu. Miruko yote nimetumia ya mshale, ile yenye uso mpana, na rangi ya njano na nyekundu sehemu ya chini. Sasa kila ninayepanda naye ndege ana ya kidijitali. Wakishatua wanaanza kulinganisha: mimi nilitoka kimo hiki, nilifungua hapa, kasi yangu ilikuwa hii. Mimi daftari langu nalijaza kwa kukisia.

Nimeangalia Viso na Ares za L&B, na Atlas ya Alti-2. Ipi inamfaa mtu wa miruko 31? Ile ya mlio inayokaa ndani ya helmeti ninunue sasa au nisubiri? Na ni kweli kwamba za kidijitali hazidanganyi kama za mshale? Msinirushie majina tu, nipeni na sababu.

Kozi_Mzee
Hongera kwa leseni. Nianze na hilo la kudanganya, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Zote, ya mshale na ya namba, zinapima kitu kimoja: kanieneo la hewa. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda mita 8 hivi kanieneo linapungua hektopaskali 1, na kifaa kinageuza tofauti hiyo kuwa kimo. Hewa inayokigusa ikiwa imevurugika, kitakuonyesha kimo cha uongo hata kingekuwa cha dhahabu. Ukilala chali angani na mkono mbele ya uso, altimita yako imekaa kwenye kivuli cha mwili, ambako kanieneo ni dogo. Inakusomea juu kuliko ulipo, na kosa linaweza kufika futi 1,000. Kwa hiyo siku utakayoanza kujifunza kuruka chali, jiwekee akiba ya kimo.

Kuhusu ipi: ukianguka kifudifudi kwa kasi ya kawaida, futi 1,000 zinaisha kwa sekunde 5 na nusu. Ukiitazama altimita sekunde mbili nzima, umekula zaidi ya futi 300 ukiwa unasoma. Mshale huusomi, unauona tu umeelekea wapi. Namba lazima uisome. Hapo ndipo pa kuanzia, majina ya kampuni yaje baadaye.

Tisa_Nukta_Mbili
Mzee Kozi na mshale wake, hawaachani, haha.

Nimpinge kidogo. Ya mshale unaiweka sifuri mwenyewe kwa kuzungusha kitufe, na nimeona watu wakipanda ndege hawajaigusa tangu wikendi iliyopita. Ya kidijitali inajiweka sifuri ardhini. Halafu njoo chini ya mwavuli, parachuti ikishafunguka. Tunafundishwa kuingia kutua kwa futi 1,000, kisha 600, kisha 300. Kwenye mshale hiyo 600 na 300 unakadiria katika kipande kidogo cha uso. Ya namba inakuambia 580, umemaliza. Mimi kutua kwangu kulinyooka nilipobadilisha, na sikuwa nimeongeza ujuzi wowote.

Kozi_Mzee
Hilo la kutua nakupa, lina ukweli. Ila asije akazama kwenye namba akasahau kutazama nje. Kwa futi 300 macho yawe uwanjani na kwa wenzako, si mkononi.

Tai_wa_Jioni
Samahani kuingilia, mimi nina saa ya mazoezi yenye barometa ndani. Si inapima kanieneo hilohilo? Nitumie hiyo nisiingie gharama?

Bi_Kamba
Usitumie, tafadhali. Saa hiyo imetengenezwa kwa mtu anayepanda mlima kwa miguu. Inalainisha vipimo ili namba zisicheze, kwa hiyo ukiwa unashuka mita 50 na zaidi kwa sekunde, inakuonyesha mahali ulipokuwa, wewe umeshapita. Simu ndiyo usiseme kabisa.

Mleta mada, mimi ni fundi, nakunja parachuti za akiba na watu wananiletea altimita zao kila wikendi, kwa hiyo nikuambie wanayolalamikia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba kifaa chake hakina kumbukumbu za kutosha. Wanalalamikia skrini. Skrini nyingi za aina hii ni za kioo cha maji (LCD), na ukivaa miwani ya jua yenye polaraizi, kwa pembe fulani ya mkono inageuka nyeusi tii. Chukua miwani utakayovaa angani, vaa, zungusha mkono polepole pembe zote kabla hujalipa.

Pili, baridi. Joto linashuka nyuzi 6 na nusu hivi kila mita 1,000, kwa hiyo mlangoni mwa ndege kwenye mita 4,000 kuna baridi ya nyuzi 26 zaidi ya hapo ulipopandia. Betri dhaifu iliyokuwa inasema iko sawa chini, huko juu inakata. Badilisha mapema, usiidai hadi tone la mwisho. Kama ni ya kuchaji, chaji usiku wa kuamkia kuruka.

Tatu, vitufe. Vaa glavu, jaribu kuvibonyeza. Kuna mteja wangu alikuwa anavua glavu kwa meno.

Ukipata ya mtumba, iangalie kioo na mahali pa betri kama pana kutu, kisha iombe uiruke siku moja mkono mwingine ukiwa na uliyoizoea. Ndani ya ndege zilinganishe kila futi 1,000. Kupishana kidogo ni kawaida. Inayoganda halafu ikaruka ghafla, irudishe.

Nusu_Mbingu
Naongezea kisa changu, maana hapo juu mmesema inajiweka sifuri yenyewe kana kwamba ni muujiza.

Niliiwasha yangu nyumbani nikiangalia betri, nikaiacha ikiwaka, nikaendesha gari hadi uwanjani. Uwanja uko juu kuliko kwangu. Nimevaa, nimeingia ndege bado iko chini, natupa jicho: 700. Nikajiambia itajirekebisha. Aliyekaa mbele yangu ndiye aliyegeuka akaona, akaniuliza kwa utani kama mimi nimeshapaa. Maana yake ningeona 3,000 wakati chini yangu zimebaki 2,300. Tangu siku hiyo naizima na kuiwasha upya nikiwa nimesimama uwanjani, na kabla injini haijawashwa naangalia sifuri.

Tai_wa_Jioni
Na mtu akiiwasha ndege ikiwa imeshapaa? Si ndiyo kifo kabisa?

Kozi_Mzee
Piga hesabu. Umeiwasha kwenye futi 2,000, hapo ndipo sifuri yake. Ikisema 4,000, wewe uko 6,000. Utafungua juu mno. Si kifo chako, lakini walioruka baada yako bado wanaanguka na hawategemei kukuta mwavuli hapo. Kile kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe ndicho usikiwashe angani kamwe, kwa sababu nacho kitadhani ardhi iko huko, kitafungua akiba mahali pasipotakiwa. Ukigundua altimita imezima mkiwa njiani kupanda, mwambie mkufunzi na ushuke na ndege. Kushuka na ndege hakuna hasara, zaidi ya aibu kidogo na utani wa jioni.

Kimbunga_Taratibu
Swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mleta mada, una umri gani?

Mruka_Mchanga
Haha, 49. Kwa nini?

Kimbunga_Taratibu
Menyu ya hoteli unaisoma bila miwani?

Mruka_Mchanga
Hapana. Nina miwani ya kusomea, simu naisogeza mbali kidogo ndiyo naona. Sikufikiria kama inahusiana, maana mshale sijawahi kupata shida nao.

Kimbunga_Taratibu
Basi uzi mzima unaanza upya. Nina 56, nayajua hayo macho. Mshale hukupata shida nao kwa sababu hata ukiwa na ukungu unauona umeegemea wapi. Namba 3 na 8 zikiwa na ukungu ni ndugu wa tumbo moja. Na angani huwezi kuusogeza mkono mbali kama simu, wala kuuleta usoni. Ukiuvuta mkono wa kushoto peke yake, mwili unaanza kuzunguka. Kichwa ndicho kinageuka, mkono unabaki pale ulipo.

Kwa hiyo kigezo chako ni kimoja: ukubwa wa tarakimu. Kumbukumbu, rangi, kuunganisha na simu, hayo ni mapambo. Nyingi unaweza kuchagua sura ya skrini wakati wa kuanguka, chagua ile yenye namba moja kubwa imejaza kioo, vingine vyote vizimwe. Zipo pia zinazochora mshale kwenye skrini, zijaribu. Na uamue sasa hivi, futi au mita, usibadilishe tena. Ukizoea 5 kuwa futi elfu tano, usiazime ya mtu anayesoma kilomita, kwake 5 hiyo ni futi zaidi ya 16,000.

Tisa_Nukta_Mbili
Hapa nanyoosha mikono. Nina 27, sikuwahi kufikiria hilo.

Bi_Kamba
Jaribio la bure: lala kifudifudi juu ya benchi kwa mkao wa kuanguka, vaa miwani yako ya kurukia, funga kifaa mkononi juu ya ovaroli. Rafiki apige makofi kama ishara, ugeuze kichwa, utazame mara moja, urudi mbele, useme namba kwa sauti. Aibadilishe mara kumi ikiwa kifaa kina namna ya kuonyesha mfano. Ukikosa hata mbili, si chako hicho. Na angalia mkono wa ovaroli hauteremki kukifunika. Wengine wanapendelea kukivaa mgongoni mwa kiganja kuliko kama saa kwa sababu hiyo, na ukishika breki za mwavuli unakiona vizuri zaidi.

Nusu_Mbingu
Ya mlio hamjamjibu.

Kozi_Mzee
Inunue ukipenda, ila iwe ya pili daima. Jifunze kwanza kujua kimo kwa macho na kwa saa ya kichwani. Toka futi 13,000 hadi 5,000 ni sekunde 50 hivi, mwili unazoea. Ukianza na mlio mapema, unakaa unasubiri kengele, na siku betri imekufa au upepo umeimeza sauti utaendelea kusubiri. Jiulize hivi: isipolia, ningefungua kwa wakati? Ukiwa na jibu bila kusita, nunua.

Hicho kifaa cha akiba nacho kipo kwa ajili ya aliyezimia au aliyepoteza hesabu kabisa. Cypres, aina mojawapo ya kifaa hicho, ile ya kawaida ya watu wazoefu inafyatuka kwenye futi 750 hivi, kimo ambacho sitaki kukuona ukiwa bado unaanguka.

Mruka_Mchanga
Wakuu, nimerudi na majibu.

Jumamosi nililala juu ya benchi mbele ya watu, nimechekwa vya kutosha. Altimita tatu za kuazima. Ya kwanza, ambayo ndiyo nilikuwa nimeshaichagua moyoni, nilikosa nne kati ya kumi. Ina kimo, kasi, saa na betri kwenye skrini moja, na tarakimu za kimo ni ndogo kama za kwenye risiti. Ya pili nilikosa moja. Ya tatu, namba moja tu imejaa kioo, sikukosa hata moja, na baada ya mara ya tano niligundua nimeacha kukunja uso. Nimechukua aina hiyo. Kumbukumbu zake ni za kawaida tu, kimo cha kutoka, cha kufungua na muda, zinanitosha kwa daftari.

Jumapili nimeruka mara mbili, mpya mkono wa kushoto na ya mshale ya shule mkono wa kulia. Ndani ya ndege zilipishana kama futi 200 kwenye 9,000, chini zaidi zikakaribiana. Jambo la ajabu ni kwamba mruko wa kwanza macho yalikuwa yanakimbilia mshale yenyewe, nikishajua niko wapi ndiyo naangalia namba. Mruko wa pili ikawa nusu kwa nusu. Kwenye kutua nimeitumia namba tu, na kwa mara ya kwanza nilitua nilipotaka.

Ya mlio nimeiacha kwanza. Shule wameniambia wananiuzia ile ya mshale. Nimeichukua pia.

Kozi_Mzee
Safi. Ila mkono wa kulia uache mtupu. Huo ni wa kuvutia mpini wa kufungulia parachuti.

Mruka_Mchanga
Nimekusikia mzee. Ya mshale imehamia kwenye mkanda wa kifuani.