Naomba ushauri: flashi ya kupigia picha chini ya maji

Wakuu, habari za leo. Mimi napiga picha za harusi hapa Unguja, ila moyo wangu uko kwa kima punju wa Jozani. Wale nishawazoea, shida ni kivuli cha miti tu. Napandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200, maisha yanaendelea.

Kilichonishinda ni Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na kuzamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, hapa hapa kwenye maji yetu. Kule chini rangi nyekundu haifiki. Nikipiga bila flashi kila kitu buluu, mpaka kutu ya chuma. Nikiwasha flashi iliyobanwa juu ya kasha la kamera, picha inajaa vitone vyeupe kama mtu kamwaga unga wa sembe.

Fundi mmoja kaniambia ninunue flashi mbili zenye mikono mirefu, zikae mbali na lenzi. Mwingine anasema taa moja ya video inatosha. Bei zote balaa, na hela yenyewe ni hii ya harusi za Mfunguo Mosi.

Aliyewahi kupiga mabaki ya meli, ulianza na kipi? Na mikono unaitegesha vipi mkondo ukiwa mkali?