Wakuu, /api inaniletea ukurasa wa mwanzo, mzee ana maonyesho kesho

MtotoWaNgamiani: Salaam wakuu. Nipo Tanga, kuna mzee nimemtengenezea mfumo wa kuagiza machungwa ya Muheza, upo AWS (seva za kukodi za Amazon), seva mbili nyuma ya lodibalansa (ALB, ile inayogawa maombi kwa seva). Kurasa ziko seva ya kwanza, /api/* (maombi ya data, nyota ni chochote kinachofuata) nimeielekeza ya pili. Sasa browza ikiomba /api/oda inaletewa HTML ya ukurasa wa mwanzo, status 200 (yaani sawa) kabisa, halafu konsoli inalia Unexpected token '<'. Kanuni ya kuelekeza ipo kwenye lodibalansa, seva zote zinaonyesha nzima. Msaada bila kejeli.

Raskazone_Finest: tenga linaendaje huko Muheza msimu huu?

SevaYaBati: Umeweka kanda gani ya AWS, seva zipo nchi gani? Mie nilihamia Cape Town nikajua ni jirani basi na bili itashuka, nilivyoona bei zake nikarudi Ireland kimyakimya, mke hajui mpaka leo.

MamaChumbageni: Mwanangu, kazi ya mtu unaijaribu usiku wa kuamkia shughuli? Vijana mnapenda sana kukurupuka.

KijitiChaWaya: Weka kanuni zote na namba zake za kipaumbele.

MtotoWaNgamiani: Nimeshasema mkuu, /api/* ipo.

KijitiChaWaya: Namba ngapi? Na juu yake kuna nini?

MtotoWaNgamiani: Haya. Namba 1 ni /* kwenda seva ya kurasa, namba 10 ndo /api/*. Ila hiyo ya kwanza siitoi, niliiweka makusudi saiti isikatike na mzee nimeshamwambia haiguswi tena. Nawaza API niifungulie lodibalansa yake, na tayari nimeshaanza kuiunda.

KijitiChaWaya: Ndo ugonjwa huo. ALB inasoma kuanzia namba ndogo, ikikuta kanuni inayolingana inaishia hapohapo, na /* inalingana na kila kitu, kwa hiyo namba 10 yako haifikiwi milele. Kazi ya /* iachie kanuni ya difolti (ya akiba, ikikosekana nyingine), ile inasomwa mwisho siku zote. Na ujue /api/* haishiki /api tupu wala /API/oda, herufi kubwa na ndogo zinahesabika.

MkongeMkavu: Hii chai. Mwenye machungwa ana WhatsApp na dereva wa Fuso, ALB ya nini? Dogo anafanyiwa asaimenti hapa.

Raskazone_Finest: 😂😂 chai ya tangawizi kabisa, na mzee hana hata jina

MtotoWaNgamiani: Nimwanike mteja wangu humu ili iweje?

MamaChumbageni: Hata akiwa mwanafunzi si mtoto wa mtu? Mwacheni.

KijitiChaWaya: Asaimenti au mzee, /* inameza vilevile. Dogo umebadilisha?

MtotoWaNgamiani: Nimegeuza namba tu, /api/* iko juu, /* siifuti. Sasa napata 404 (haipatikani)! Bora ya mwanzo.

KijitiChaWaya: Hiyo 404 ni ya programu yako, maana yake ombi limefika. Kwenye programu umeandika /oda, lodibalansa inapeleka njia nzima /api/oda, haikati kipande mpaka uiwekee ubadilishaji wa njia. Ongeza /api kwenye programu. Huniamini, washa logi za lodibalansa uangalie target_status_code, kama pana 404 basi seva yako ndo imejibu.

MkongeMkavu: Tunasubiri picha.

MtotoWaNgamiani: JSON (data yenyewe) imerudi wakuu. Lodibalansa ya pili naiacha kwanza, ya akiba.

KijitiChaWaya: Ifute leo, inalipiwa kwa saa hata isipopita ombi hata moja.