Tufuatilie vipi utekelezaji wa sera za kuzuia unene wa watoto Kisumu?

mzazi_manyatta
Hamjambo. Sisi ni kikundi cha wazazi na walimu wa Manyatta na Nyalenda. Tunataka kujua kama serikali zetu mbili zinatekeleza zinachoahidi kuhusu unene wa kupindukia kwa watoto. Tumepanga kupima uzani wa wanafunzi wa shule 6 kila muhula. Inatosha? Na BMI (kilo za uzani zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita) ya mtoto inasomwa kwa 25 na 30 kama ya mtu mzima?

lishe_kondele
Uzani hautawaambia kama sera inatekelezwa. Hubadilika polepole, na ukibadilika hamtajua ni kwa sababu gani. Ulizeni kwanza: sera imeandikwa? Imetengewa pesa? Pesa zimetumika? Kuna kilichobadilika langoni mwa shule?

Jueni pia wa kumuuliza. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti leseni za wauza chakula, matangazo ya nje na shule za chekechea. Lebo za vyakula, shule za msingi na ushuru wa soda ni vya serikali ya kitaifa. Na huo ushuru hutozwa kwa lita, si kwa gramu za sukari, kwa hivyo kiwanda hakipati nafuu yoyote kikipunguza sukari. Hapo gavana hana lawama.

Anzeni na ramani. Chukueni mita 250 kuzunguka lango. Andikeni kila bango, kila ukuta wa duka uliopakwa rangi za soda, kila kibanda na kinachouzwa. Simu irekodi mahali penyewe kwa GPS. Picha zisiwe na nyuso za watoto. Shule ya kwanza wahesabu watu wawili, kila mmoja kivyake. Mkitofautiana sana, hamjakubaliana bango ni nini: ukuta wenye nembo tatu ni tangazo moja au matatu? Na mwende saa ya watoto kutoka. Ukienda saa nne asubuhi muuza smokie hayupo, utasema mtaa ni safi.

msoma_bajeti
Kwa upande wa pesa: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Linganisheni hayo mawili, kisha msome ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti kuona kilichotumika.

Shida ni kwamba lishe mara nyingi imefichwa ndani ya "afya ya kinga", pamoja na chanjo na vyoo. Andikeni barua mkitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mwombe mgawanyo wa fungu hilo. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman (CAJ), tume ya haki ya utawala. Ombeni hati moja iliyotajwa kwa jina na mwaka wa fedha. Barua ya "tupeni kila kitu kuhusu lishe" ni rahisi kuikwepa.

mzazi_manyatta
Asanteni sana. Na swali la BMI?

lishe_kondele
Si 25 wala 30. Kwa miaka 5 hadi 19 hutumika jedwali la WHO (Shirika la Afya Duniani) la umri na jinsia, linalohesabu kwa SD, yaani hatua za kuwa mbali na mtoto wa wastani: zaidi ya +1 SD ni uzani uliozidi, zaidi ya +2 SD ni unene wa kupindukia. Mvulana wa miaka 10 kamili mwenye mita 1.38 na kilo 38 ana BMI ya karibu 20. Kwa kipimo cha watu wazima yuko sawa. Kwa WHO amezidi, maana mpaka wake wa +1 SD ni 18.5, wa +2 SD ni 21.4.

Viatu na sweta vitolewe, urefu usomwe hadi milimita, upimwe mara mbili. Umri uwe kwa miezi, kutoka cheti cha kuzaliwa. Vipimo vikijaa .0 na .5, mpimaji anakadiria, rudieni. Programu ya WHO AnthroPlus hukokotoa yote bila malipo.

Lakini mara moja kwa mwaka inatosha, tena kwa idhini ya wazazi na faraghani. Mtoto akitangaziwa kilo zake mbele ya darasa, atataniwa mpaka muhula uishe.