Msaada: tunashuti video ya wimbo wa indi-pop, mawazo mengi mno na hatujui tuanzie wapi

kinanda_kidogo:
Wakuu habari zenu. Tuko wanafunzi watano, tumepewa mradi tutengeneze video ya wimbo kuanzia wazo mpaka kuediti, tuna wiki tatu na moja ishakatika. Wimbo ni wa indi-pop (pop ya wasanii wanaojitegemea), wa bendi ndogo ya watu tunaowafahamu, dakika 3 na sekunde 12, gitaa lina mwangwi flani hivi, kinanda, ngoma za mashine na binti anaimba kwa sauti ya chini kama anaongea na mtu aliyekaa pembeni yake. Maneno ni ya mtu anamsubiri rafiki aliyehama bila kuaga.

Sasa tatizo kila mtu kwenye grupu ana video yake kichwani. Mmoja anataka hadithi yenye waigizaji na mwisho wa kuliza watu, mwingine anasema bendi ipige chumbani basi inatosha, mi nilikua nawaza slomo (picha za mwendo wa taratibu), maputo, tivii ya zamani yenye chenga, mvua dirishani, mtu anakimbia kwenye majani marefu jua linazama, tumeandika yote kwenye daftari halafu tukahesabu tukakuta lokesheni tisa, yaani sehemu tisa za kushuti! Vifaa ni simu mbili, tripodi moja na taa moja ndogo. Jana tumebishana masaa mawili tukaondoka bila kuamua kitu na imeniuma kweli kwa sababu wimbo wenyewe ni mzuri sana, sitaki sisi ndo tuuharibu. Mliowahi kufanya hii kazi mlianzia wapi, storibodi (michoro ya kila shuti) kwanza au lokesheni kwanza? Na kufuatisha mdomo ukaenda sawa na sauti mnafanyaje?

fundi_wa_kukata:
Kinanda, wala msianze na storibodi wala lokesheni, anzeni na masikio. Kaeni wote watano chumba kimoja, wekeni wimbo kwenye spika nzuri, usikilizwe mwanzo mwisho mara tatu na mtu asiongee. Halafu kila mtu aandike peke yake: sekunde ya ngapi wimbo umebadilika, na ni kitu gani kimeingia au kimetoka. Sio "hapa naona maputo", hapana, andikeni mnachosikia tu. Mkilinganisha karatasi mtashangaa mnakubaliana karibu kila kitu, maana mnagombania picha wakati masikio yenu yamesikia kitu kimoja.

Kingine tafuteni spidi ya wimbo. Tuseme ni biti 120 kwa dakika, hapo biti moja ni nusu sekunde, baa ya biti nne ni sekunde 2, na wimbo wenu wa sekunde 192 una baa 96. Hii hesabu ndogo ndo inawaambia kazi yenu ni kubwa kiasi gani. Mkikata kila baa mnahitaji vipande 96 vizuri, mkiachia kila picha ikae baa nne mnahitaji 24. Kwa wimbo wa kunong'ona kama huo mi ningeachia picha zikae, nikaanza kukata harakaharaka kwenye korasi ya mwisho tu ili mtu aone tofauti.

Halafu nijibu swali moja: kuna kitu kidogo kwenye wimbo kinachojirudiarudia, sio korasi, kitu kidogo?

kinanda_kidogo:
Asante sana mkuu. Ndio kipo, kuna noti nne za kinanda zinaanza kabisa mwanzoni halafu zinarudi kila korasi ikiisha, na ya mwisho zinapigwa tatu tu wimbo unaisha, ile ya nne haiji. Kumbe nilikua naisikia kila siku sijawahi kuiwazia!

fundi_wa_kukata:
Basi video yenu hiyo hapo. Noti ya nne haiji kama ambavyo rafiki haji. Sasa zile noti nne zipeni kitu kimoja cha kuonekana, kitu kimoja tu, na kila zikirudi nacho kirudi. Mfano viti vinne mezani, kila noti kiti kimoja, na mwisho kamera inapita viti vitatu halafu mahali pa cha nne ni sakafu tupu. Sisemi mfanye viti, kitafuteni cha kwenu, ila mkishakipata kila wazo lililo kwenye daftari liulizeni "unakisaidia hiki kitu?" Maputo yatajitoa yenyewe.

Kama wenzako hawaamini kwamba picha inaweza kufuata ala, waonyeshe video ya Daft Punk, wale wa muziki wa elektroniki wa Ufaransa, ya mwaka 1997, Around the World, iliyoongozwa na Michel Gondry. Kila kundi la wachezaji limepewa ala yake, kuna wale wa besi wanapanda na kushuka ngazi kama besi yenyewe inavyopanda na kushuka, wa gitaa wana mwendo wao. Yote jukwaa moja! Hakuna kuhama hata mara moja. Muiangalie kwa makini halafu muisikilize tena ya kwenu.

Hadithi au bendi? Vyote vinaweza kukaa kama bendi iko chumba hichohicho cha hadithi. Lokesheni mbili zinatosha, ya tatu kama ina sababu. Baada ya hapo ndo storibodi, na mkishachora msiishie kwenye karatasi, zipigeni picha zile michoro muziweke kwenye taimlaini (ule mstari wa muda kwenye programu ya kuediti) juu ya wimbo kila moja kwa urefu wake. Michoro mibaya haina shida hata vijiti na vichwa. Mtaona wenyewe wapi pamedoda kabla hamjashuti hata fremu moja (picha moja kati ya zile zinazounda video), na kubadilisha mchoro ni dakika tano wakati kubadilisha shuti ni kurudi siku nyingine na watu wote.

sauti_kwanza:
Mi nakuja kwenye mdomo maana hapo ndo wengi wanaumia. Kwanza kabisa mwimbaji AIMBE. Kwa sauti. Mtu akichezesha midomo tu bila sauti inaonekana, shingo imelala, kifua hakipandi, havuti pumzi pale pa kuvuta. Hata kama wimbo ni wa kunong'ona anong'one kweli.

Wimbo wa kuchezea lokesheni utengenezeni faili lake maalum, wekeni milio minne kwa spidi ya wimbo kabla haujaanza ili mwimbaji ajue anaingia wapi, na huo mlio ndo mtautumia kulinganisha sauti kwenye kuediti. Spika ikae karibu na mwimbaji, na simu irekodi sauti hata kama mtaifuta baadae, bila ile sauti ya simu mtakaa mnakisia mdomo fremu kwa fremu. Mjue pia sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kamera ikiwa mita 14 kutoka kwenye spika sauti inafika imechelewa kama fremu moja, kwa hiyo shuti za mbali msishangae zikihitaji kusogezwa kidogo.

Simu nyingi hazishiki fremu zile zile kwa sekunde, zinapanda na kushuka zenyewe kutegemea mwanga. Unalinganisha mwanzo vizuri ukifika korasi ya pili mdomo umeachana na sauti na hujui kwa nini. Tafuteni programu ya kamera inayofunga idadi ya fremu, au badilisheni faili ziwe na idadi moja isiyobadilika kabla ya kuziingiza kwenye kuediti. Na simu zote mbili ziwe na setingi sawa.

Slomo nayo ina njia yake, usiitupe kinanda. Kama video yenu ni ya fremu 24 kwa sekunde, shutini kwa fremu 30 na wimbo muuchezeshe kwa spidi mara 1.25, yaani biti 120 inakua 150. Mwimbaji anaimba haraka kidogo, mkiirudisha kwenye 24 mdomo unakaa sawasawa na wimbo wa kawaida lakini nywele, nguo na mikono vinaelea taratibu. Kwa wimbo wa kusubiri mtu hiyo inapendeza sana, na mtu anayeangalia hajui nini kimefanyika, anahisi tu. Mazoezi ni lazima maana kuimba kwa 150 kunachosha ulimi.

Halafu kila lokesheni imbeni wimbo WOTE mwanzo mwisho angalau mara mbili, moja kamera mbali, moja karibu usoni. Msiseme "hapa tunahitaji vesi ya pili tu". Mkifika kuediti mtalikumbuka hilo neno.

Dirisha_la_Magharibi:
Wamesema vizuri, mi naongeza mwanga maana mna taa moja na hiyo sio shida kama mnajua jua liko wapi.

Wakati tunafanya ya kwetu tulishuti chumbani, dirisha lina nondo, mwimbaji amekaa kwenye kitanda. Tulianza saa tisa alasiri, kivuli cha nondo kilikua ukutani nyuma yake, kizuri mno. Tukabishana kidogo, tukabadilisha nguo, tukarudia, saa kumi na nusu kivuli kimeshapanda mpaka usoni kwake, nondo moja imepita juu ya jicho. Pale pale hatukuona maana macho yalikua kwenye mdomo na sauti. Kwenye kuediti kila tukikata kutoka shuti ya mbali kwenda ya karibu kivuli kinaruka, mara ukutani mara jichoni, ikabidi tutupe karibu nusu ya shuti za karibu na zingine ndo zilikua ameimba kwa hisia kuliko zote. Nilijisikia vibaya kwa niaba yake.

Kwa hiyo nendeni lokesheni siku moja kabla, saa ileile mtakayoshuti, kaeni pale lisaa lizima mpige picha kila dakika kumi. Mtajua mna dakika ngapi za mwanga ule ule na mtapanga shuti kwa mpangilio wa jua sio kwa mpangilio wa wimbo. Shuti za uso wa mwimbaji ziwe za kwanza, vitu kama mikono kwenye gitaa, miguu, kikombe, hivyo vinaweza kungoja. Fungeni na mwangaza na fokasi kwenye simu, la sivyo mtu akipita mbele picha inapauka na kurudi yenyewe. Kama mnatumia taa za umeme na zinachezacheza kwenye picha, umeme wa hezi 50 shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, wa hezi 60 iwe 1/60 au 1/120.

Rangi nazo chagueni mapema, msitegemee kuediti. Mbili au tatu basi. Mfano chumba chote cha rangi zilizopoa, halafu kile kitu chenu cha noti nne ndo pekee kina rangi ya moto, jicho la mtazamaji litakitafuta lenyewe kila kikirudi. Nguo zenye mistari myembamba ziacheni nyumbani, kwenye kamera zinatetemeka.

mtunza_karatasi:
Fupi tu. Hata kama bendi ni watu mnaowafahamu ombeni ruhusa kwa maandishi. Wimbo una haki mbili, ya aliyetunga maneno na muziki, na ya mwenye ile rekodi, saa nyingine sio mtu mmoja. Waambieni video itaonyeshwa wapi, darasani tu au na mtandaoni, maana ukiipandisha bila ruhusa mitambo ya kukagua sauti inaweza kuizuia hata kama mwenye wimbo ni rafiki yako. Mwenye nyumba ya lokesheni nae apewe taarifa na kila anayeonekana usoni akubali. Siku ya kushuti awepo mmoja wenu ambaye hashiki kamera wala haigizi, anashika orodha ya shuti na saa tu, mkikosa huyo jua linawaacha.

kinanda_kidogo:
Wakuu narudi na mrejesho. Jana tumekaa tukasikiliza mara tatu kimya kama fundi alivosema, tukalinganisha karatasi na watu wanne kati ya watano wameandika ile noti inayokosekana, hata yule aliyetaka bendi tu. Hatukubishana kabisa.

Tumechagua kengele ya baiskeli. Baiskeli ya rafiki imeachwa barazani, kila noti mkono unagusa kitu kimoja, tandiko, usukani, tairi, halafu kengele. Mwisho mkono unafika kwenye kengele na hauipigi. Kengele ndo nyekundu, vingine vyote buluu na kijivu. Lokesheni mbili, baraza na chumba. Spidi tumeipima ni biti 112 kwa hiyo baa ni kama sekunde 2.14, tumepanga vipande 31 na michoro iko kwenye taimlaini, mibaya kweli lakini inaeleweka.

Dirisha dada yangu, tumeenda barazani leo kupima jua. Kivuli cha usukani kinafika kwenye kengele saa kumi na dakika ishirini, kwa hiyo uso wa mwimbaji tunaanza nao saa tisa na nusu na ule mkono tunamaliza nao kabla ya saa kumi na robo. Bendi imetuandikia ruhusa. Sauti_kwanza, mwimbaji ameanza mazoezi ya biti 140 (112 mara 1.25), vesi ya pili ndo bado inamshinda kwenye pumzi, kuna namna ya kumsaidia au tuchezeshe kwa spidi ya kawaida hapo tu?

sauti_kwanza:
Vesi ya pili chezesheni kawaida na mshuti kwa 24, slomo ibaki kwenye korasi. Itakaa vizuri hivyohivyo, vesi anaongea, korasi anaelea. Kengele mmeniua, nangoja kuiona.