Mjadala: Watoto wa Nairobi waanze kusoma kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Mzazi, Umoja: Katika mkutano wa wazazi wa shule moja hapa Eastlands, mzazi mwenzetu alidai watoto wa gredi ya kwanza wafundishwe kusoma kwa Kiingereza pekee, kwa kuwa ndiyo lugha ya mitihani, na akapigiwa makofi. Mimi sikupiga, na naeleza sababu zangu ili anayepinga anijibu hoja kwa hoja.

Hakuna aliyezaliwa na sehemu ya ubongo iliyoumbiwa kusoma, kwani maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi, muda mfupi mno kwa maumbile kubadilika. Mtoto anapofundishwa herufi, eneo lililo upande wa kushoto kuelekea kisogoni, ambalo kwa kawaida hutambua sura na vitu, hujizoeza kutambua herufi na kuziunganisha na maeneo yanayoshughulikia sauti za lugha. Kiunganishi hicho ndicho kiini cha kusoma, na Kiswahili hukijenga upesi, kwa maana anayezijua irabu 5 na silabi zake husoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti takriban 44, na herufi moja hubadilika sauti neno kwa neno. Philip Seymour na wenzake walilinganisha lugha 13 za Ulaya katika utafiti wa mwaka 2003: baada ya mwaka mmoja shuleni, watoto wa Ufini, ambao tahajia yao ni nyoofu kama yetu, yaani neno husomwa kama lilivyoandikwa, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno waliyoyazoea, na wa Uskoti asilimia 34.

Mwalimu wa gredi ya pili, Kayole: Mzazi mwenzangu, hoja yako ina uzito, lakini kuna mtoto umemsahau. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma unaotokana na jinsi ubongo unavyofanya kazi na si uvivu, husoma Kiswahili bila makosa mengi, ila kwa kujikokota silabi baada ya silabi, hata akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Sisi humpita kwa sababu hakukosea, kisha Kiingereza kikimlemea katika gredi ya nne anaitwa mvivu. Je, wepesi wa Kiswahili haumfichi?

Mzazi, Umoja: Humficha, Mwalimu, nami nakubali kwamba sikulitaja hilo. Hata hivyo, utafiti wa Eraldo Paulesu wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba Waitaliano wenye disleksia walisoma vizuri kuliko Wafaransa na Waingereza wenye hali hiyo, ingawa picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule kwa wote. Tahajia nyoofu haiondoi disleksia, lakini humpunguzia mtoto mzigo, na sioni sababu ya kumnyima nafuu hiyo. Kinachohitajika ni kupima kasi pamoja na usahihi: kila mtoto asikilizwe akisoma kwa dakika moja, saa ikiwa mkononi, na anayejikokota kila muhula apelekwe kupimwa na wataalamu kabla hajaanza kujiona mjinga.

Mwalimu wa gredi ya pili, Kayole: Kwa hilo tumekubaliana. Nina watoto 70 na niko peke yangu darasani. Mkutano ujao, naomba uanze na suala la mwalimu msaidizi.